Kupasuliwa goti ni siku moja, kutembea ni miezi

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwenye kikao cha mwezi, Kadutu, Bukavu

 

Komite ilituomba tuje kuzungumza juu ya afya. Tulifikiri tutaleta mafundisho yenye munazoea, kunawa mikono na chandarua. Lakini kuna habari moja ya chama hiki yenye haijasemwa vizuri, na ndani yake na sisi wa shirika tuko na kosa. Ni habari ya goti la mama mmoja wenu. Wengi humu ndani munamujua. Yeye mwenyewe alitupa ruhusa: "Museme yote, lakini kwenye karatasi musiandike jina yangu." Basi hapa tutamuita Mama tu.

Mama alirudi kutoka kambi ya Lugufu, Tanzania, wakati ule meli zilikuwa zinavusha watu kutoka Kigoma hadi Baraka. Munajua maisha yenye alitoka nayo: kuni kichwani, maji kichwani, mtoto mgongoni. Na huku kwetu ikaendelea vile vile, mihogo na makala, kupanda na kushuka. Goti lake la kuume lilianza kuuma zamani. Kwanza liliuma akipanda kilima. Halafu likauma akishuka. Mwisho likauma hata amelala. Picha ya radio ilionyesha kwamba gegedu imekwisha. Gegedu ni ile ngozi nyororo yenye inafunika kichwa cha mfupa ndani ya kiungo, ili mifupa iteleze. Ikiisha, mfupa unasaga mfupa, na hakuna dawa ya kunywa yenye inairudisha.

Mtoto wake mwenye alipelekwa Marekani kutoka kambini alituma pesa. Chama hiki kilichanga. Sisi tulisaidia kwa karatasi za safari. Alipasuliwa Kampala. Waliondoa sehemu za mfupa zenye zilikuwa zimelika, wakaweka goti la bandia, chuma juu, chuma chini, na plastiki ngumu katikati. Kazi ilienda vizuri. Kidonda kilikauka, nyuzi zilitoka kwa wakati. Siku alirudi munakumbuka vile tulimpokea, vigelegele kutoka barabarani mpaka mlangoni, na sombe na sambaza juu ya meza.

Na baada ya hapo, wapendwa, sisi wote pamoja tulianza kumuharibia ile goti.

Tunasema hivyo bila kumusingizia mtu. Mabinti wake walimupenda, wakamukataza kusimama. Walimuwekea mto chini ya goti ili apumue vizuri. Kila mgeni mwenye aliingia alisema: "Pole mama, lala, usijisumbue." Na sisi wa shirika tulipita mara mbili ndani ya wiki tano. Tulileta sukari na sabuni. Tulimukuta kitandani, tukasema maneno yale yale: "Mama, pumzika." Tukaandika ndani ya daftari letu: anaendelea vizuri.

Ndani ya mfuko wake kulikuwa na karatasi ya hospitali, ukurasa mbili. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Nyumba ile wanasoma Kifaransa na Kiswahili, na Mama mwenyewe Kiswahili cha Kigoma. Karatasi ilikaa ndani ya mfuko pamoja na picha. Wiki ya tano, mjukuu aliituonyesha kwa bahati, akifikiri ni fakture. Tulipoisoma tuliona haya. Karatasi yote ilikuwa inazungumza juu ya kitu kimoja, mazoezi. Kuanza siku ya kwanza. Kila siku nyumbani. Na kwa mtu wa kine mara mbili ama tatu kwa wiki.

Bon, watu wengine wanauliza, kine ni nini? Kwa Kifaransa ni kinésithérapie. Kwa Kiswahili tuseme ni matibabu ya viungo kwa mazoezi. Siyo kukandwa na mafuta tu, na siyo mambo ya watu wa mpira tu. Hapa Bukavu kuna fasi za kazi hiyo. Hospitali kubwa za mji ziko na watu wa kine. Na Centre Heri Kwetu, yenye wengi munaijua kwa miguu ya bandia na magongo, Msalaba Mwekundu wa Kimataifa imeitegemeza katika kazi hiyo.

Tulimupeleka Mama wiki ya saba. Si wiki ya tano, wiki ya saba, juu pesa ya moto ilikosekana. Tutarudia hapo.

Yule wa kine alimulaza, akachukua kipimo kidogo cha plastiki chenye mikono miwili, akakipanga pembeni ya goti. Musikilize hesabu yake, maana ni rahisi. Mguu ukinyooka kabisa, ni sifuri. Ukikaa kwenye kiti na goti likakunjika kama kona ya meza, ni 90. Goti la Mama lilikuwa linajikunja mpaka 55 tu. Na kunyooka, lilikuwa linagoma kwenye 15, yaani lilibaki limepinda kidogo hata akijikaza. Ule mto wenye tulimuwekea kwa upendo ulikuwa umefundisha goti kukaa limepinda.

Kwa nini hesabu hiyo ni muhimu? Tulimuuliza, akatuambia. Kutembea tu kwenye barabara sawa, goti linahitaji kujikunja karibu digrii 60 mpaka 70. Kupanda ngazi, 80 na kitu. Kushuka ngazi na kuinuka kwenye kiti kifupi, 90 na zaidi. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, inapita 110. Sasa mufikirie mama mwenye 55. Hata barabara sawa ni vita kwake. Na hapa kwetu, barabara sawa iko wapi? Mji wetu umejengwa juu ya vilima. Kutoka barabarani mpaka mlango wa Mama, Cimpunda, kuna ngazi 61 za udongo na mawe. Tulizihesabu siku hiyo tukiwa tumemushika huku na huku. Ndiyo maana alikuwa hatoki. Misa hakwenda. Likelemba yake alituma mjukuu. Kikao hiki alikosa mara mbili, na watu walianza kusema amejivuna juu ya mtoto wa Marekani.

Mtu wa kine alimuambia: "Mama, munganga wa Kampala alimaliza kazi yake ndani ya masaa mawili. Hii yetu ni ya miezi, na wewe njo mufanyakazi. Mimi ni capita tu." Mama alicheka. Halafu akaanza, na hakucheka tena kwa muda.

Tueleze mazoezi yenyewe, juu kuna wengine hapa wako na shida ya goti na watapenda kujua. La kwanza ni kunyoosha. Unalala chali, unakunja kitenge kama mkate, unaweka chini ya kisigino, hapana chini ya goti. Halafu unasukuma goti chini kuelekea kitanda, unashika mpaka kuhesabu tano, unaachia. Mara kumi. La pili ni kukunja. Umelala, unavuta kisigino pole pole kuelekea matako, kitenge kimezungushwa kwenye wayo ili mikono isaidie. Mguu unateleza vizuri ukitandika mfuko wa plastiki chini yake. La tatu, unakaza paja, unainua mguu mzima umenyooka, kimo cha ndoo ndogo, unashusha bila kuutupa. La ine, unakaa kwenye kiti na kurudisha mguu nyuma chini ya kiti, mpaka fasi inakaza, unangoja pale. Na kila saa, kuchezesha kifundo cha mguu juu na chini, ili damu itembee. Yote mara tatu kwa siku. Dawa ya maumivu inamezwa nusu saa kabla, hapana nyuma.

Maumivu yapo, tusidanganyane. Lakini alitufundisha kutofautisha. Kukaza na kuvuta ndani ya zoezi, yenye inapungua ukiacha, hiyo ni kazi. Goti lenye limevimba zaidi asubuhi ya kesho yake, hiyo ni kuzidisha, unapunguza siku mbili na kuendelea. Kuacha kabisa, apana. Jioni unaweka kitambaa cha maji baridi dakika kumi na tano, mguu umeinuliwa. Barafu ni nzuri, ila na umeme wetu munajua, basi maji baridi ya mtungi yanasaidia.

Kuna dalili zenye hazingoji kikao wala zamu. Kidonda kinatoa usaha ama kimekuwa chekundu na moto. Homa. Muundi kwa nyuma umevimba, ni mgumu, unauma ukiugusa. Kifua kinabana, pumzi inakosekana. Hizo ni za kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Na kwa heshima yote kwa wazee wetu wenye kujua kukanda: goti lenye chuma ndani halikandwi kwa nguvu, halichanjwi na wembe, halifungwi majani ya moto. Kidudu kikiingia kufikia ile chuma, mara nyingi inabidi kupasuliwa tena.

Sasa maendeleo. Wiki ya tisa, 70. Wiki ya kumi, 78. Nyumba yote ilifurahi. Wiki ya kumi na moja, 78. Ya kumi na mbili, 78. Ya kumi na tatu, 80. Hapo ndipo Mama alitaka kuacha. Alituambia: "Banangu, nimechoka. Hii mguu imefika mwisho yake. Mupeleke hizo pesa za moto kwa watoto bale chakula." Na mabinti walikuwa nyuma yake, juu waliona analia kila jioni.

Hatukuwa na jibu la kitaalamu. Tulimuomba tu twende pamoja mara moja tena, tumuulize mtu wa kine mbele yake. Yeye hakumukemea. Alichukua daftari akamuonyesha safu nyingine, ya kunyooka. Ile 15 ya kwanza ilikuwa imefika 5. "Ulikuwa unaangalia safu moja, mama. Goti linafanya kazi kwa zamu. Wiki zenye halikujikunja, lilikuwa linanyooka." Akaongeza kwamba kwa mtu mwenye alichelewa kuanza, kusimama hivi wiki mbili tatu ni kawaida, na wengi wanaacha hapo hapo. Tangu siku ile Mama alianza kuweka hesabu yake mwenyewe. Mjukuu alichora alama za makala ukutani karibu na kitanda: kisigino kimefika wapi leo.

Mambo mengine hayakutoka hospitali. Seremala wa avenyu yao alitengeneza kiti chenye tundu, kinawekwa juu ya choo. Kitu cha mbao tu, lakini kilimurudishia Mama heshima yake, hakuwa tena anaitisha mtu kila mara. Vijana wawili wa chama chenu walichimba upya ngazi za juu, zile zenye mvua ilikuwa imekula, na kufunga kamba ya kushikilia. Na walimufundisha namna ya kupanda: ukipanda, mguu mzima unatangulia, fimbo na mguu mgonjwa vinafuata. Ukishuka, fimbo na mguu mgonjwa vinatangulia, mzima unabaki juu kushikilia uzito. Ngazi moja, unapumua, ngazi nyingine.

Mwezi wa tano baada ya kupasuliwa, alifika 95. Mwezi wa saba, 105. Hatafika kuchuchumaa, aliambiwa wazi, na kupiga magoti kanisani pia haimufurahishi, anabaki amekaa. Mtu wa kine anafikiri kama angeanza wiki ya kwanza angefika pale mapema zaidi na kwa machozi kidogo. Hiyo tunaibeba sisi. Lakini mwezi uliopita alipanda zile ngazi 61 peke yake, fimbo mkono wa kushoto, alisimama mara nne, akafika barabarani. Alikuja kwenye kikao hiki kwa miguu yake. Munakumbuka, ni yeye aliuliza hesabu za kasha zilienda wapi.

Sasa tufike kwenye neno lenye lilituleta.

Najua wengine munasema: goti la bandia ni la watu wenye mtoto Marekani, sisi linatuhusu nini? Ni kweli, wenye kupata hiyo operesheni ni wachache sana. Lakini tuhesabu magoti ya humu ndani. Kuna vijana watatu wa moto wenye walivunjika. Kuna babaa mwenye alipigwa risasi zamani na mguu ulikazana. Kuna bamama wenye magoti ya uzee, hawatapasuliwa kamwe, na mazoezi ya paja ndiyo dawa ya kwanza kwao pia. Wenye kuvunjika tu waangalie: wasikanyage na uzito mpaka munganga aseme mfupa umeshika. Mengine ni kazi ile ile. Siku, wiki, miezi, na mtu wa kukushika mkono kwenye ngazi.

Na hapo ndipo kasha letu la ugonjwa linakosea. Sisi Wakongomani, mtu akipasuliwa tunachanga. Kila mtu anatoa, hata mwenye hana. Jina linaandikwa, pesa inasomwa mbele ya watu. Lakini akitoka hospitali tunaona mambo yamekwisha, na kasha limekauka. Mama alikosa wiki mbili nzima kwa sababu ya nauli. Kwenda na kurudi kwa moto mara tatu, kwa wiki moja, ilikuwa inapita bei ya matibabu yenyewe. Na nyumba yenye kula mara moja kwa siku haiwezi kuchagua nauli ya goti mbele ya chakula. Kisheria ya kasha, munaijua, nauli "si ugonjwa". Mutusamehe, sisi ni watoto wenu, lakini kwa goti nauli ni ugonjwa. Kulipia operesheni na kukosa nauli ni kama kununua mbegu na kukosa kuipanda.

Basi tunaweka mbele yenu mambo matatu, muyajadili, muyakubali ama muyakatae.

Moja: kila mara chama kinachanga kwa ajili ya operesheni ya mfupa ama kiungo, theluthi moja ya mchango ibaki kwenye kasha, itoke kidogo kidogo kwa nauli na matibabu ya kine, kwa kuonyesha kadi ya hospitali yenye tarehe.

Mbili: mgonjwa apate musindikizaji, jirani mmoja mwanachama, mara mbili kwa wiki. Siyo wa kuleta sabuni. Wa kuuliza: umefanya leo? nionyeshe. Sisi tutaleta mtu wa kine awafundishe hao wasindikizaji, Jumamosi mbili, bila malipo kwa chama. Hilo tumeshapata kibali cha ofisi yetu.

Tatu: karatasi yoyote ya hospitali yenye mutu hawezi kusoma, iwe Kiingereza ama Kifaransa, iletwe kwetu siku yenye ameshuka garini, kabla ya vigelegele. Tutaitafsiri kwa Kiswahili na kuibandika ukutani kwa mgonjwa. Na sisi tumebadilisha daftari letu. Neno "anaendelea vizuri" haliandikwi tena. Tunaandika anajikunja wapi, ananyooka wapi, na ametoka nje mara ngapi.

Komite ilisema kura itapigwa kwenye kikao kijacho, ili wenye hawakufika leo nao wasome kwenye gazeti hili. Kuna baba mmoja wa Nyamugo anangoja kupasuliwa mwezi ujao, na mchango wake ulianza kusomwa asubuhi hii. Yule ndiye wa kwanza ambaye uamuzi wenu utamukuta.

Mama ameomba aongeze neno moja kabla tukae. Anasema wenye wanakuja kumusalimia waendelee kuja, lakini wasimuambie tena alale.